Nati ya Kumwagia Oili Niliyoiweka Pabaya

Vijana wangu wa gereji, wiki iliyopita nilipokuja kuwasalimia nilimkuta mmoja wenu ameshika sampu ya giaboksi ya otomatiki, drili iko mkononi, anatafuta pa kutoboa ili aweke nati ya kumwagia oili. Alikuwa ameshapiga alama ya chaki chini kabisa, katikati kabisa. Nilimwambia asubiri. Akaniuliza asubiri nini, maana mwenye gari amekaa hapo nje kwenye kiti na ana haraka. Nikamwambia nitaandika. Basi ndiyo naandika, na huyo mwenye gari, kama bado amekaa pale nje, anisamehe.

Nimestaafu miezi minne sasa. Mgongo umekataa kushuka shimoni, na fundi asiyeshuka shimoni anabaki kuwa mtu wa kuonyesha kidole. Sitawaambia nilianza kulipwa nini nikamaliza na nini, wala ni lini nilianza kuitwa fundi mkuu. Hayo hayafungui nati. Nitawaambia nilivyojifunza, nani alinifundisha, na kosa langu moja lililomfika mtu asiyestahili. Mengine mliyoyasikia juu yangu mengi yake ni kweli pia, lakini hayana faida kwenu.

Nilianza kwa Mzee Shabani, Mrangi wa Kondoa aliyekuja Karatu akiwa kijana na kufungua gereji kwenye ule mteremko nyuma ya soko. Mimi nilikuwa nimeteremka kutoka Mbulumbulu na shati langu moja zuri, ambalo niliona ndilo la kuvaa siku ya kwanza kazini. Hakunipa spana. Alinipa kopo la oili chafu iliyotoka kwenye lori, akaniambia niipikiche kati ya kidole gumba na kidole cha shahada nimwambie nasikia nini. Nikasema nasikia oili. Akasema rudia. Nilirudia mpaka jua likapita utosini. Ilipofika saa tisa hivi nikaanza kuisikia chembe, ndogo kuliko mchanga, nikamwambia humu kuna chuma. Akaniuliza cha rangi gani. Nikachungulia, nikasema cha njano. Basi, akasema, hiyo ni bushi ya shaba inakufa, na kesho uje na shati lingine.

Kazi yenyewe ilikuwa shimoni. Gereji ile, ambayo ndiyo hii mnayofanyia kazi nyinyi, imekaa kwenye mteremko, kwa hiyo gari huingia juu ya shimo likiwa limeinua pua. Mzee alilichimba mwenyewe kwa sururu, kwa kina cha kumtosha yeye, na yeye alikuwa mfupi. Sisi warefu tumefanya kazi tumeinama miaka yote, ndiyo maana nasema mgongo huu ni urithi wa Mzee Shabani. Masika shimo lilijaa maji tukawa tunayachota kwa ndoo kabla ya kuanza kazi. Asubuhi moja tulimtoa chura mkubwa, na mzee akakataza asiuawe, akasema naye ni fundi wa chini ya gari.

Mzee alikuwa na sheria chache, na hakuna aliyezijadili. Hakuna kuazimana spana. Hakuna kumwambia mwenye gari "tayari" kabla hujaliendesha mwenyewe mpaka njia panda na kurudi. Na ile aliyoirudia kila tulipobadilisha oili, akiwa ameshika beseni: uchafu unakaa chini, kwa hiyo nati inakaa chini. Magari ya wakati huo yalikuwa ya gia za mkono, giaboksi zake ni chuma cha kumimina, kinene, na nati ya kumwagia iko chini kabisa. Jiwe likiipiga, linaumia jiwe. Sheria hiyo niliishika kama nilivyoishika katekisimu, yaani bila kuuliza.

Alipozeeka alirudi Kondoa, akaniachia gereji, shimo, na boksi la spana alizozifunga mipira ya tyubu kwenye mipini ili baridi ya mwezi wa saba isimshike mkono. Alifariki huko huko kwao. Nilikwenda kumzika, na pale msibani nikakutana na mafundi wake wa zamani waliotangulia kabla yangu. Wote walikuwa wamepinda migongo. Nilimlilia sana mzee yule, na bado namkumbuka kila nikishika oili.

Otomatiki zilipoanza kuingia Karatu tuliziogopa. Madereva wa kupeleka wageni hifadhini walizicheka, wakasema gari lisilo na klachi ni la kwendea kanisani. Kwa mafundi ilizunguka habari kwamba ukigusa oili ya otomatiki umeiua. Kila mtu alimjua mtu ambaye alibadilisha oili leo, kesho gari halikwenda. Nilichokuja kugundua ni kwamba watu walileta magari kubadilishwa oili yakiwa yameshakufa, halafu akasingiziwa fundi. Oili ile ikiwa nzima ni nyekundu kama juisi ya rosela. Niliyoikuta kwenye gari la kwanza ilikuwa nyeusi na inanuka kama maharage yaliyoungulia.

Shida yake ilikuwa kuitoa. Nyingi ya zile zilizofika kwangu hazikuwa na nati ya kumwagia. Ili oili itoke ni lazima ufungue sampu nzima, lile bakuli la bati lililoko chini ya giaboksi, boliti kumi na nane au ishirini, na ukizifikia za mwisho bakuli linainamia upande linaoutaka lenyewe. Kwa gari lililoinua pua, upande huo ulikuwa kifuani pangu. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani shati likiwa jekundu mpaka kiunoni, na mke wangu akapiga yowe akidhani nimechomwa kisu. Alipojua ni oili alikasirika zaidi, maana kisu angenionea huruma.

Hapo ndipo anapoingia Yakobo. Ni Mwiraqw mwenzangu, wa Endamarariek, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Alikuwa ameendesha wageni kwa kampuni hii na ile kwa miaka kumi na tisa bila kugonga hata kisiki, na getini Ngorongoro dereva mgeni akitaka kujua njia fulani inapitika au haipitiki, alielekezwa amuulize yeye. Kisha siku moja, anabadilisha tairi kwenye matope ya Ndutu, jeki ikateleza, gari likamshukia goti la kushoto. Walimtibu, akatembea, lakini goti likawa halikunji vizuri na halina nguvu ya kukanyaga klachi. Kampuni hazikumfukuza. Ziliacha tu kumpigia simu.

Akauza ng'ombe na kipande cha shamba, akanunua jipu la Kijapani lililokwishatumika, otomatiki, ambalo mguu wa kulia unalimaliza peke yake. Madereva waliokuwa wanazicheka otomatiki siku hiyo hawakucheka. Aliponiletea gari kwa mara ya kwanza alisimama pembeni ya shimo akaniambia neno moja ambalo nimelibeba tangu hapo.

"Fundi, giaboksi hii ndiyo mguu wangu wa kushoto. Ikifa, sina mguu mwingine."

Alitaka oili ibadilishwe kila mwaka kabla wageni hawajaanza kumiminika, na mimi nikaona hapa pana haja ya kumaliza ule usumbufu wa kufungua sampu kila mara. Nikamwambia nitamwekea nati ya kumwagia. Akasema wewe ndiye unayejua.

Nikaifungua sampu, nikaiosha kwa petroli, nikazitoa zile sumaku mbili ndogo zinazokusanya vumbi la chuma nikaziweka kando. Kufikiria pa kutoboa hakukunichukua muda: chini. Kuchomelea nati kwa ndani nilikataa, kwa sababu ingegusa filta, na ukingo wake ungezuia oili chafu isitoke yote. Hapo nilikuwa sahihi. Basi nikaiweka kwa nje, nati nene, na ndani yake boliti ya kichwa namba kumi na tisa na washa ya shaba. Kazi ya kuchomelea nilimpa jirani yangu fundi wa mageti, akatumia gesi na shaba badala ya umeme ili bati lisijikunje. Nikaijaza maji, nikaiacha mpaka kesho yake, halikutoka tone. Nilijisikia fundi kwelikweli.

Nilipokwisha kuifunga nikasimama shimoni nikaitazama, na sasa sikilizeni vizuri, maana kosa ndilo hili. Ukiwa shimoni, ardhi iko usawa wa kifua chako na tumbo la gari liko juu ya kichwa chako. Kila kitu unakiona kiko juu. Boliti ile niliiona inaning'inia huko hewani, mbali na jiwe lolote la dunia hii. Kwa kweli ilikuwa imeshuka chini kuliko kile chuma kinachokingama chini ya giaboksi, kama upana wa vidole viwili. Ningetoka shimoni, nikalala kifudifudi mbele ya gari na kuchungulia kutoka huko ardhini jiwe linakopita, ningeona. Sikutoka. Maisha yangu yote ya kazi nilikagua magari kutoka shimoni, kama nilivyokuta kwa mzee. Na sampu si chuma cha kumimina. Ni bati, nene kidogo tu kuliko sufuria.

Mwaka mzima nati ilifanya kazi. Oili ilibadilishwa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, shati likabaki jeupe, na sifa zikatembea. Niliweka nati kama hiyo kwenye magari mengine sita. Nilianza kuwa mtu wa kusikilizwa kwenye mambo ya otomatiki, na msinione mnafiki nikisema kwamba nilipenda.

Mwaka wa pili Yakobo alikuwa na wageni wawili, anawapeleka Empakaai. Baada ya Nainokanoka njia ile ina mawe, sio makubwa, ya kawaida, ya ukubwa wa mkate. Anasema alikuwa amegeuza kichwa kidogo kuwaonyesha wageni ndege, akasikia kishindo chini. Gari likaendelea vizuri. Akaona ni jiwe tu. Nusu saa baadaye, wakiwa kwenye mwinuko, injini ikawa inapiga kelele na gari haliendi, halafu ikaja ile harufu ya maharage. Aliposhuka kutazama, kulikuwa na mstari mwekundu njia nzima nyuma yake mpaka kwenye kona. Wageni walichukuliwa na gari la dereva mwingine. Yeye alibaki na jipu lake kwenye baridi mpaka likapatikana lori lililokuwa linarudi tupu kutoka kupeleka mahindi, likamkokota hadi Karatu.

Nilishuka shimoni na tochi. Bati la sampu lilikuwa limechanika kuizunguka nati yangu, na nati yenyewe imelala upande, nzima, na shaba ya jirani yangu haijaachia hata kidogo. Lakini jambo lenyewe halikuwa hilo. Nilimulika kile chuma kinachokingama. Kiko mbele ya sampu, na jiwe lolote kubwa la kumlaumu dereva lingekipiga hicho kwanza. Hakikuwa na mkwaruzo. Kilikuwa na vumbi lake la siku zote, safi kama kilivyotoka Japani. Jiwe lile lilikuwa dogo, lilipita chini ya gari bila kugusa kitu, likakutana na boliti niliyoiweka mimi.

Yakobo alikuwa amesimama pale juu, kwa lile goti lake hawezi kushuka shimoni. Akaniuliza kama ni jiwe. Nikamwambia ni jiwe. Akasema ni yeye, aligeuza kichwa. Mimi nikauchuna.

Sina cha kujitetea. Nilifikiria yale magari sita yenye nati yangu, na jina langu, na jinsi habari zinavyopanda kutoka hapa mpaka getini kabla chai haijapoa. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake nikaanza kuwapigia simu wale sita, mmoja mmoja, nikawaambia walete magari niyafanyie kazi kidogo ya kuboresha, bure. Nikazihamisha nati zote. Kila mmoja alinishukuru kwa kujali wateja. Kama nilikuwa na mashaka kwamba kosa ni langu, kazi ile iliyaondoa.

Wiki ya tatu Yakobo alipita gerejini amevaa miwani. Alikuwa amekwenda kupimwa macho. Nesi alimwambia macho yake ni mazima, labda miwani ya kusomea tu kwa umri wake, lakini yeye akang'ang'ania, kwa sababu mtu mwenye macho mazima angeliona lile jiwe. Aliniambia hivyo kwa upole kabisa, anaipandisha miwani puani kwa kidole, kama mtu anayeomba radhi. Nikamwambia imempendeza. Jamani, nilimwambia imempendeza.

Baada ya hapo sikumwona. Gari lake lilikaa pembeni ya ukuta, kuku wakalifanya lao. Ilipofika wiki ya tisa alikuja mkewe, Mama Neema, mwanamke asiyependa maneno mengi. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. Alisema amekuja kuniomba nimtafutie mtu wa kulinunua lile gari jinsi lilivyo, kwa vipuri. Nikamuuliza Yakobo anasemaje. Akasema Yakobo hasemi. Shemeji yake alimwomba aendeshe gari la harusi, otomatiki vilevile, kutoka kanisani hadi nyumbani, pale pale kijijini, na Yakobo akakataa mbele ya watu, akisema kwamba yeye hawezi tena kuaminiwa na gari lenye mtu ndani. Madereva wenzake walipompigia aliwaambia vivyo hivyo.

"Mimi si fundi," akasema Mama Neema. "Lakini mtu wa miaka kumi na tisa hasahau kuendesha kwa jiwe moja. Kuna kitu sikijui."

Nilimwambia gari asiliuze. Siku iliyofuata nilikwenda Endamarariek.

Nilimkuta anapalilia maharage, amekalia ndoo iliyopinduliwa kwa ajili ya goti, kila akimaliza hatua mbili anainuka anaisogeza ndoo. Miwani iko usoni, imejaa vumbi. Tulisalimiana Kiiraqw, tukaulizana habari za mvua na za ng'ombe, na zilipoisha nikahamia Kiswahili, kwa sababu mambo ya gari sijawahi kuyasema kwa lugha nyingine.

"Yakobo, macho yako ni mazima. Lile jiwe lingepita chini ya gari la mtu yeyote. Liliikamata nati yangu. Niliiweka pabaya, na nilijua tangu siku lile gari lilipofika."

Aliendelea kupalilia majembe matatu au manne. Kisha akaliweka jembe chini, akaniuliza ni tangu siku ile ile. Nikasema ndiyo. Akaniuliza ni wiki ngapi, na nilijua anazo, alitaka nizitaje mimi. Nikasema tisa.

"Giaboksi ni chuma, fundi," alisema. "Ungeniambia siku ile ningekutukana, nikaenda nyumbani nikala, nikalala. Lakini wiki tisa nimekaa hapa najifundisha kwamba mimi si dereva. Mke wangu nimemwambia. Watoto nimewaambia. Getini nimewaambia wote kwamba niligeuza kichwa. Giaboksi utanifungia nyingine. Haya niliyojifundisha utayatoaje?"

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia nitatafuta giaboksi kwa mkono wangu na kuifunga mwenyewe. Akasema amesikia, akaisogeza ndoo yake. Hakunikaribisha chai. Mnaojua desturi zetu mnajua maana ya mtu kuondoka kwenye boma la Mwiraqw bila kukaribishwa kitu, na nilistahili.

Siku ya tatu asubuhi niliichukua ile sampu iliyochanika, nikapanda nayo hadi getini. Ni saa ile madereva wanasubiri vibali, ukungu umeshuka, injini zinaunguruma, wageni wamejikunyata ndani ya magari. Waliponiona walidhani kuna gari limeharibika nimekuja kuliokoa. Nikawaomba wasogee. Nikawaonyesha pale bati lilipochanika, nikawaeleza habari za chuma kisicho na mkwaruzo, nikawaambia kwamba Yakobo hakukosea kitu na kwamba mimi nilijua nikanyamaza, nikamwacha ajitangaze mkosaji kwa kosa langu. Sampu ilipita mkono kwa mkono. Mmoja wa wale sita aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama ile kazi ya kuboresha aliyonishukuru ndiyo hiyo. Nikasema ndiyo hiyo. Akanirudishia sampu, akapanda gari lake. Msimu ule magari mengi niliyoyazoea yalikwenda kwa mafundi wengine. Walikuwa na haki, na wengine hawajarudi hadi leo.

Giaboksi niliitafuta Arusha, nikaipata nzima. Gharama zake haziwahusu. Kabla ya kuifunga niliishughulikia sampu yake, na hapa ndipo pa kuzingatia nyinyi mnaoshika drili. Tobo liko kwenye ukuta wa nyuma wa bakuli, chini karibu na kona, si kwenye sakafu yake. Hapo bakuli lenyewe linaikinga nati na jiwe linalotoka mbele. Mtaniuliza oili yote itatokaje kama tobo liko ubavuni. Gari letu limeinua pua, yote inakimbilia nyuma. Mteremko ule ule tunaoulalamikia unaimwaga mpaka tone la mwisho. Tumieni nati nyembamba, kichwa kidogo, na chomeleeni kwa gesi. Halafu tokeni shimoni. Liondoeni gari, liwekeni mahali tambarare, lalieni tumbo mtazame kutoka ardhini, mbele na nyuma. Na oili mpya msiipime kwa kijiti gari likiwa mteremkoni, kijiti kitawadanganya.

Yakobo alikuja kulichukua gari na Mama Neema. Nilikuwa nimeliweka uwanjani, mahali tambarare. Nikamnyooshea ufunguo, hakuupokea. Aliomba boksi la karatasi, akalikunjua chini mbele ya gari. Akaivua miwani akampa mkewe. Kisha akaanza kulala, na kwa goti lile ilimchukua muda, ameshikilia bampa, mguu wa kushoto umenyooka pembeni kama wa mtu mwingine. Nilitaka kumsaidia, Mama Neema akanitazama, nikaacha. Alichungulia kutoka ardhini, akajivuta ndani, akaupitisha mkono chini ya kile chuma na nyuma ya sampu, anaitafuta nati kwa vidole. Kulikuwa na giza huko. Nikapiga magoti nikammulikia tochi. Hakusema asante wala hakusema ondoa. Alipotosheka alitoka, akapokea ufunguo, akaingia upande wa dereva. Mama Neema akakaa mbele karibu naye, wakaenda.

Tangu hapo ni miaka sita. Kila mwaka analeta gari, oili inabadilishwa, na kabla ya kupokea ufunguo analala chini kwenye boksi la karatasi anaipapasa ile nati. Hajawahi kukuta kosa, na hajawahi kuacha kutazama. Mimi hupiga magoti pembeni na tochi. Habari za nati ile hatujazigusa tena, na sijamwomba msamaha mara ya pili kwa sababu naona anao utaratibu wake.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, mstaafu, nakoroga uji wa ndama, simu ikaita. Alikuwa mmoja wenu. Akasema Yakobo amekuja, oili imeshabadilishwa, na sasa amelala chini ya gari na hataki kutoka. Nikamuuliza kama mmemmulikia. Akasema wamemmulikia wawili kwa zamu, wote amewafukuza, anasema ananingoja mimi.

Nikauacha uji jikoni, nikaita bodaboda.